Kitovu Kipya

Siku hiyo lifti iligoma, na ukumbi wa chini wa lile jengo la ghorofa tisa ukajaa watu kama mbegu ndani ya papai. Walikuwapo wa benki, wa kutengeneza simu, na wa kwa wakili ghorofa ya nne. Wote walisimama mbele ya mlango wa chuma uliofunguka robo tu, wakimtazama mwanamume aliyepiga magoti ndani yake, tochi mdomoni na bisibisi mkononi.

Katikati ya msongamano huo akaingia mwanamke aliyeinama.

Hakuinama kwa uzee. Uso wake ulikuwa wa mtu wa miaka thelathini na nne, laini, macho makubwa yamepitiwa na wanja kidogo. Lakini kuanzia kiunoni alikuwa amekunjika kama mtu anayetafuta pete iliyomponyoka sakafuni. Alivaa gauni pana la bluu, ndala, na mtandio wa njano aliouzungusha tumboni. Mkono mmoja ulilishika tumbo, mwingine umeegemea bega la mama yake mdogo, mwanamke mfupi mwenye sauti iliyomzidi kimo.

"Wewe baba uliye humo ndani!" mama mdogo akaita juu ya vichwa vya watu.

Tochi ikatoka mdomoni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiki kidude kinapanda au hakipandi? Nina mgonjwa hapa, anatakiwa ghorofa ya sita saa nne kamili."

"Kitapanda, mama. Nipe dakika ishirini."

"Ishirini za saa au ishirini za fundi?"

Ukumbi mzima ukacheka, fundi naye akacheka. Mgonjwa alijitahidi asicheke, akashindwa. Kicheko kilimtoka puani, akajikumbatia tumbo kwa mikono miwili huku machozi yakimlengalenga.

"Mama mdogo, nakuomba," akanong'ona. "Usinichekeshe. Nitafumuka."

Fundi alikuwa ameshasimama. Alikuwa mrefu, mwembamba, ovaroli yake imepauka magotini, na mikono yake ilinukia grisi na sabuni. Alilisukuma sanduku lake la vifaa hadi ukutani, akatandika koti lake juu.

"Kaa hapa, dada. Si kochi, lakini halijawahi kumwangusha mtu."

"Asante, kaka."

Fundi akatulia ghafla, kichwa kimeinama upande mmoja. "Hebu sema tena."

"Niseme nini?"

"Chochote. Hiyo sauti naijua."

"Hunijui wewe."

"Wewe sikujui. Sauti naijua. 'Abiria mnaombwa kusimama nyuma ya mstari wa njano.' Ni wewe!"

Mwanamke akaona haya mpaka masikioni. Ni kweli. Kwa miaka kumi na moja alikuwa ndiye mtangazaji wa stesheni ya treni, amekaa ndani ya kibanda cha kioo juu ya majukwaa, akiwaambia maelfu ya watu wapande wapi na washuke wapi. Wenzake walimwita Kasuku, kwa sababu alishinda kwenye tundu akiongea. Nusu ya mji ilimsikia kila asubuhi, na hakuna aliyejua sura yake.

"Mimi wananiita Ngazi," fundi akasema.

"Fundi wa lifti anaitwa Ngazi?"

"Kwa sababu nazitengeneza lifti halafu napanda kwa miguu. Najua kilichomo ndani."

"Usinichekeshe, nimesema!"

"Samahani. Unaumwa nini, kama si siri?"

Kasuku akatazama sakafu. "Mgongo," akajibu haraka.

Mama mdogo akainua macho juu, akaisoma dari kama gazeti.

Ukweli wenyewe ulikuwa chini ya ule mtandio wa njano. Miaka miwili nyuma Kasuku alikuwa na kilo mia moja arobaini na sita. Alipanda mizani, akashuka akilia, akaenda kufanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula. Kilo zikaondoka, zaidi ya sitini. Lakini ngozi haikujua kwamba mwenye nyumba amehama. Ilibaki imening'inia mbele yake kama shuka lililosahauliwa kwenye kamba, ikimchubua akitembea, ikimwasha wakati wa joto, na kila asubuhi ilibidi aikunje aisokomeze ndani ya nguo. Siku tisa kabla ya lifti kugoma, daktari alikuwa ameikata, akashona kutoka nyonga hadi nyonga. Ndiyo maana aliinama. Tumbo lilikuwa limevutwa kama ngozi ya ngoma, akinyooka angejisikia anachanika. Mipira miwili myembamba ilitoka ubavuni ikimwaga maji ya kidonda kwenye vichupa viwili, na mtandio ulikuwepo kuvificha hivyo vichupa. Siku hiyo vilikuwa vinakwenda kutolewa.

Mambo hayo mtu hamwambii asiyemjua, hasa mwenye macho yanayocheka kabla ya mdomo.

Dakika kumi na nane baadaye lifti iliamka. Ngazi akawazuia wa benki na wa simu kwa mkono mmoja. "Mgonjwa kwanza, jamani." Akapanda naye mwenyewe, akiiendesha taratibu, akimtazama usoni kila ghorofa ilipopita.

"Unarudi lini?" akauliza walipofika ya sita.

"Jumatatu."

"Tupeane namba. Kabla hujatoka nyumbani nipigie, nikuambie kama imeamka salama."

"Siku hizi lifti zina wasemaji wao?" mama mdogo akauliza, bila kumlenga mtu.

*

Kasuku alikuwa anauguzwa kwa dada yake mkubwa, na nyumba ile mwezi huo ilikuwa na wagonjwa wawili. Dada alikuwa amejifungua wiki mbili tu. Mama mdogo alikuja na begi moja kuwatazama wote, mmoja chumbani na mtoto, mwingine sebuleni kwenye kiti kinacholala nusu, kwa sababu Kasuku hakuweza kulala chali wala ubavu. Alilala amekunja magoti, mito mitatu chini ya miguu, mkanda mpana umembana kuanzia chini ya matiti hadi kwenye nyonga.

Siku zikawa laini, hazina kingo. Dawa za maumivu zilimfanya aelee. Pazia jeupe la sebuleni lilivimba kwa upepo likarudi, likavimba likarudi, kama linapumua kwa niaba yake. Alisikia maji yakichemka jikoni, mtoto akilia na kunyamaza, dada akiimba nusu ya wimbo na kusinzia. Halafu saa kumi jioni, simu.

"Lifti inakusalimu."

"Nayo haijambo?"

"Haijambo. Inauliza mgongo."

"Iambie mgongo unaendelea."

"Uko wapi sasa hivi?"

"Kwenye kiti changu. Wewe?"

"Niko juu ya paa la jengo la ghorofa kumi na nne. Nimemaliza kazi, sitaki kushuka. Fumba macho nikuoneshe."

Akafumba. Ngazi alimwonesha mji wote kwa maneno: matangi ya maji yaliyopangwa juu ya mapaa, mwanamke anayeanua mashuka kabla ya mvua, shule ikitoka na sare zikimwagika barabarani kama mtu amepasua mfuko wa shanga, wingu moja lenye umbo la kiatu. Upepo ulivuma ndani ya simu. Kasuku, ambaye asingeweza kufika hata getini, akajiona amesimama huko juu, mnyoofu, nguo inapepea.

"Sasa zamu yako," Ngazi akasema. "Nitangazie."

"Nikutangazie nini?"

"Treni yoyote."

Kasuku akasafisha koo taratibu, mkono juu ya mkanda. "Abiria wa treni ya saa kumi na robo kwenda Usingizini, mnaombwa kuacha mizigo yenu yote jukwaani. Huko muendako hamtaihitaji."

Upande wa pili ukasikika upepo tu.

"Ngazi? Upo?"

"Nimeshapanda," akasema. "Niko dirishani. Umenikatia kiti karibu na nani?"

"Na mimi."

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Akabaki ameshika simu, moyo unampiga chini ya mkanda.

Jumatatu walionana tena ukumbini, dakika tano tu. Ngazi alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati jeupe chini ya ovaroli, kola imenyooka. Kasuku akaliona hilo shati, naye Ngazi akaona kwamba limeonekana. Hawakusema cha maana. Alimpa mkono wakati wa kutoka nje ya lifti, na walisahau kuachiana mpaka mlango ukataka kufunga.

"Mwambie ukweli," mama mdogo akasema walipokuwa kwenye teksi.

"Nimwambie kwamba nimekatwa ngozi kilo tano? Kwamba nilikuwa natumia viti viwili? Acha kwanza anipende kidogo, mama mdogo."

"Anampenda nani sasa, wewe au mgongo?"

*

Alhamisi iliyofuata Ngazi alimaliza kazi mapema. Alikuwa amenunua mto wa kuegemea, ule mgumu uliopinda, unaouzwa kwa watu wenye matatizo ya mgongo. Alikuwa amejaribu sita dukani, akikalia viti vyote mpaka muuzaji akamuuliza kama anataka na godoro. Nyumba aliijua kwa maelezo ya simu: geti la kijani, mti mmoja wa maua mekundu. Alitaka kumshtua.

Kwenye kamba ya uani zilikuwa zimeanikwa nepi, zaidi ya ishirini.

Dirisha la sebuleni lilikuwa wazi kabisa, pazia limefungwa pembeni kwa ajili ya hewa. Kasuku alikuwa kwenye kiti chake, amefumba macho, nywele zimesukwa upya, na kifuani pake amelala mtoto mchanga. Mwanamume mwenye fulana ya nyumbani akaja na kikombe, akakiweka, akamvutia Kasuku shuka magotini. Kisha akainama juu ya kifua chake, akabusu.

Alimbusu mtoto, maana alikuwa mtoto wake. Lakini kutoka getini vichwa vilikuwa viwili na busu moja, na Ngazi hakukaa kuhesabu. Kila kitu kilijipanga chenyewe kichwani mwake. Kule kuinama, ule mkono tumboni. Dada yake mwenyewe alitembea hivyo hivyo alipojifungua kwa kupasuliwa. Mgongo! Alicheka bila sauti. Akautundika ule mto kwenye komeo la geti, akaondoka akitembea upesi, kama mtu aliyekuta nyumba ya watu iko wazi.

Saa kumi jioni hiyo simu haikuita.

Ijumaa iliita.

"Nimejua," Ngazi akasema. Hakukuwa na upepo nyuma yake.

"Umejua nini?"

"Kwamba si mgongo."

Kasuku alikuwa ameshaletewa ule mto uliokutwa getini. Usiku kucha aliurudia mchana ule dakika kwa dakika, na kila mara alifika mahali pamoja: nusu saa kabla shemeji hajarudi kutoka kazini, mama mdogo alikuwa amemsafisha kidonda papo hapo dirishani penye mwanga, gauni limepandishwa, mshono wote nje, mweusi, umevimba, na plasta zake.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna. Nilifika getini, dirisha lilikuwa wazi. Nimeona kwa macho yangu."

Akajivutia shuka, ingawa sebuleni hapakuwa na mtu.

"Kwa nini hukuniambia mapema?" Ngazi akauliza, sauti yake imechoka.

"Ningekuambia, ungeendelea kupiga simu?"

Ngazi hakuwa mtu wa kudanganya. Alisema ukweli. "Hapana. Nisingepiga. Ningekuheshimu, nikakaa mbali."

"Basi kaa mbali."

"Sikulaumu, Kasuku. Kila mtu ana maisha yake. Ila mimi kitu kama kile sikiwezi. Hata nikifumba macho nakiona."

"Nimeelewa," akajibu, kwa sauti ile ile ya jukwaani, safi, isiyo na mwenyewe. "Asante kwa mto."

Akakata.

Fundi alikuwa anasema mume. Kasuku alikuwa anasikia mshono. Na kila mmoja alibaki na simu mkononi akiamini amesikia vizuri.

Ngazi alikuwa na sababu yake. Alipokuwa na miaka tisa, alikuwepo mtu mmoja mpole aliyekuwa akimsaidia mama yake kubeba mikoba, akimchekesha, akimpigia simu kila baba alipokuwa safarini. Mtu mwema sana yule. Mwaka haukuisha, nyumba ikabaki na kuta tu, na yeye na dada yake wakagawanywa kama vyombo. Alikuwa ameapa kwamba huyo mtu mpole hatakuwa yeye.

*

"Mwanamume anayekimbia mshono," mama mdogo akasema, "atakimbia na mvi. Mwache aende. Kunywa supu."

Kasuku alikunywa. Alilia kidogo kidogo, kwa sababu kulia sana kuliuma. Lakini mwili una ukaidi wake. Haungoji moyo upone kwanza. Wiki ya nne alinyooka. Ilitokea tu asubuhi moja akielekea bafuni, akaona kioo cha ukutani kinamwonesha kidevu badala ya utosi. Akasimama pale, akapanda sentimita baada ya sentimita, mpaka mabega yakakaa mahali pake.

Wiki ya tano daktari alitoa plasta ya mwisho, akampa kioo cha mkononi.

"Mshono utapauka taratibu. Mwaka, mwaka na nusu. Umeona kitovu?"

Kasuku alikitazama. Kilikuwa kidogo, duara, kimekaa katikati ya tumbo bapa kama tundu la kifungo.

"Ni kipya?"

"Ni chako kile kile. Ngozi iliyokuwa juu yake ndiyo imeondoka, nami nikakifungulia dirisha jingine kwenye hii iliyobaki."

Nyumbani alimwonesha dada. Mtoto naye alikuwa amelala kitandani uchi, kidonda cha kitovu chake kimeshakauka vizuri. Dada akavitazama kimoja na kingine.

"Basi nyumba yetu ina vitovu viwili vipya," akasema, na safari hii Kasuku akacheka sauti yote ikatoka, wala hakushika tumbo. Alipomaliza kucheka ndipo alipogundua kwamba aliyetaka kumpigia simu amwambie ni mtu mmoja tu.

Hakupiga. Wiki ya sita alirudi kwenye kibanda chake cha kioo.

Sasa ikawa zamu ya mtoto kwenda kliniki, ghorofa ya tatu ya jengo lile lile. Dada na mumewe walifika ukumbini saa tatu asubuhi, mtoto amefungwa kwenye shali jeupe. Ngazi alikuwa anapaka mafuta reli za mlango. Aliinua macho, akamwona yule mwanamume wa dirishani. Akamwona na mtoto. Na pembeni yake akamwona mwanamke mwingine kabisa, ameushika mkono wa yule bwana, anacheka.

Alikuwa ameachia, ameumia, amekaa mbali kwa heshima, kumbe kwa ajili ya mtu kama huyu!

"Samahani, kaka," akasema, akisimama mlangoni, kitambaa cha mafuta mkononi. "Mama wa huyu mtoto yuko wapi?"

Shemeji akashangaa. "Unasema?"

"Nauliza mama yake yuko wapi. Unampeleka mtoto kliniki na mtu mwingine, mwenyewe yuko nyumbani hawezi hata kunyooka."

Shemeji akamtazama mkewe. Mkewe akamtazama fundi, akaona ovaroli, akaona sanduku la vifaa.

"Mama yake ni mimi," akasema polepole. "Nimemzaa mwenyewe, kwa uchungu wa saa kumi na moja, nilizihesabu zote. Wewe ndiye Ngazi?"

Kitambaa kikaanguka.

"Yule uliyemwona kwenye kiti ni mdogo wangu. Hana mtoto, hana mume. Alikuwa ananipakatia nilale."

"Sasa... ile kuinama? Ule mkono tumboni?"

Dada akaufungua mdomo, akaufunga. Alikuwa anampenda sana mdogo wake. "Hiyo ni yake," akasema. "Akitaka atakuambia. Mimi nimekuambia iliyo yangu." Kisha akamgeukia mumewe. "Tupande ngazi. Huyu leo asiguse lifti, atatuangusha."

Dada alimpigia Kasuku kabla hata sindano ya mtoto haijachomwa. Kasuku alisikiliza hadithi yote vipokea sauti vya masikioni vikiwa shingoni, treni mbili zikisubiri kutangazwa.

"Kumbe hakuona," akasema.

"Hakuona kitu. Aliona mume wangu."

"Hakuona mshono."

"Hakuona, nimekuambia! Umepona. Mpigie, mambo yaishe, hata hana haja ya kujua."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, na Kasuku alilijua hilo kabla dada hajamaliza. Angeweza kuacha mgongo ubaki mgongo. Angejifunika mwaka mmoja, miwili, taa zikiwa zimezimwa. Angeweza kuishi na mtu huyu kama alivyoishi na abiria, sauti tu nyuma ya kioo. Alitangaza treni zake mbili. Halafu akachukua simu.

"Ngazi. Usiseme chochote. Kesho Jumamosi, saa saba mchana, zamu yangu ikiisha. Jukwaa la nne, benchi la mwisho. Njoo."

"Nitaku—"

"Nimesema usiseme."

*

Jukwaa la nne halina treni mchana. Jua lilikuwa limelala juu ya reli kama paka, na kutoka mbali zilisikika sauti za wachuuzi na magurudumu ya mabegi, zikififia kama redio ya jirani.

Ngazi alifika mapema. Alivaa lile shati jeupe, bila ovaroli, na hakujua aiweke wapi mikono. Akamwona Kasuku anakuja kutoka mwisho wa jukwaa na hakumtambua mara moja, kwa sababu hakuwahi kumwona akiwa amesimama wima. Alivaa gauni la rangi ya chungwa lenye mkanda mwembamba kiunoni. Alikuwa mrefu kuliko alivyodhani. Alitembea taratibu, kama mtu anayejifunza urefu wake.

"Nimekosa," Ngazi akaanza. "Nilidhani—"

"Najua ulichodhani. Kaa."

Wakakaa. Kasuku alitazama reli, akamwambia. Alimwambia kilo mia moja arobaini na sita, bila kupunguza hata sita. Alimwambia jinsi alivyoomba kazi ya kibanda cha kioo kwa sababu pale juu hakuna anayekuona ukiingia mlangoni kwa ubavu. Alimwambia upasuaji wa kwanza, na miezi ya vijiko vitatu vya supu. Alimwambia ngozi iliyobaki, harufu yake wakati wa joto, na kwamba kwa miaka miwili alioga akitazama ukuta. Vichupa chini ya mtandio, kiti, mkanda. Ngazi hakumkatisha hata mara moja.

"Kwa hiyo uliposema huwezi kitu kama kile," Kasuku akamalizia, "nilidhani ni mimi. Nilidhani umeona tumbo langu."

"Mungu wangu." Ngazi alijishika uso. "Na ukaniambia asante kwa mto."

"Ulikuwa mto mzuri."

"Wiki tatu umekaa ukiamini nimekukimbia kwa sababu ya kovu?"

"Na wewe ukiamini nina mume ndani."

Ngazi akamsimulia mama yake na yule mtu mpole wa mikoba. Alisimulia kwa kifupi, akikwangua grisi isiyokuwepo kwenye kucha. Kasuku akasikiliza, akaelewa ni kwa nini mtu huyu anapenda kujua kilichomo ndani ya kitu kabla hajakipanda.

"Sasa unakijua," akasema. "Kovu ni refu, linatoka hapa mpaka hapa, na halitaondoka. Ukitaka kukaa mbali, leo nitaelewa vizuri."

"Naruhusiwa kushika?"

Kasuku alitazama kulia na kushoto. Jukwaa lilikuwa tupu. Aliuchukua mkono wake, akauweka juu ya gauni la chungwa, chini ya kitovu kipya. Mkono ulitulia pale, mpana, jua likiung'arisha.

"Unaumia?"

"Siumii. Wala sihisi. Daktari amesema hapo ngozi imelala, itaamka taratibu, labda mwaka."

"Huhisi mkono wangu kabisa?"

"Kabisa. Nauona tu."

"Basi nitauacha hapo."

"Mwaka mzima?"

"Nina haraka gani? Nitakula kwa mkono wa kushoto. Nitafanya kazi kwa mkono mmoja. Watu wakiuliza, nitasema namngoja mke wangu aamke."

"Mke wako nani?"

"Ndilo ninalokuuliza."

Aliuliza hivyo, kwenye benchi la chuma, akiwa na macho yasiyocheka hata kidogo. Kwa miaka kumi na moja Kasuku alikuwa na neno la kumwambia kila mtu aliyesimama kwenye majukwaa haya, na sasa hakuwa nalo.

Aliushika ule mkono, akaanza kuupandisha, taratibu, kidole kwa kidole, ukipita mahali palipokufa ganzi, ukipita kitovu, mpaka ukafika chini ya mbavu, na hapo ghafla akavuta pumzi.

"Hapa," akasema. "Hapa nakusikia."

"Na jibu?"

"Hilo ndilo jibu, wewe fundi. Usiutoe mkono."